Kifungo Kisicho na Tundu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea safari ya kaka yetu, fundi cherehani mliyemwita Fundi Vifungo, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga unga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1980, akajifunza ushonaji kwa mjomba wake, na tarehe 5 Agosti 1995 akafunga ndoa na shemeji yetu, mpishi wa shule, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1997 na 2001.

Shemeji amesema tusifiche kitu. Mwaka 2011 kaka alianza kubashiri mechi kwa mzaha, mzaha ukaota mizizi, akauza cherehani yake, akatudanganya sote bila kupepesa macho, hadi shemeji akafungasha na kuondoka na watoto.

Februari 2013 alijipeleka kwa mnasihi wa kituo cha afya, mama mpole asiyependa longolongo, aliyemfundisha kubadili njia ili asipite penye duka la kamari, kutumia simu ndogo isiyo na intaneti, na hamu ikipanda, asibishane nayo wala kuitii, bali ashike kazi ya mikono hadi ishuke. Kaka akachagua kushona vifungo. Ndipo mashati ya mtaa mzima yakaanza kuwa na kifungo cha ziada, pengine kwapani, kisicho na tundu, nasi tukicheka kwamba leo fundi kabanwa. Mwaka 2015 aliteleza, akarudi kwa mnasihi kichwa chini, naye hakumkaripia, wakafuatilia pamoja hadi wakagundua kuwa upweke wa Jumapili ndio uliomponza, basi Jumapili zikapangiwa kazi, na mwaka uliofuata shemeji akarudi nyumbani.

Figo zilimlaza tarehe 9 Septemba 2024. Jioni ya tarehe 10 kulikuwa na mechi kwenye televisheni ya wodi, mgonjwa wa kitanda cha pili akamsukumia simu abashiri naye, na shemeji, aliporudi na chupa ya chai, akaiona simu ile juu ya shuka, akahofu kuwa amebashiri tena, akammiminia chai tu. Kaka alifariki alfajiri. Shemeji alipokuwa akimvua shati, alipapasa chini ya kola kifungo kipya, kisicho na tundu, kimeshonwa upogoupogo usiku uleule, akalia kwa uchungu na kwa furaha pamoja. Shati hilo ndilo tulilomvika leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mnasihi wetu aliyeketi hapa mbele, mafundi wenzake, na majirani mliovumilia vifungo vyake.

Kaka, weka sindano chini sasa, pumzika kwa amani.