Maisha ya Mheshimiwa Ukuta, Kama Yanavyosomwa na Dada Yake Mkubwa

Waombolezaji, wanafamilia, na ninyi waheshimiwa mliokaa kwenye viti vyenye vitambaa: huyu tunayemzika leo wengi mlimwita Mheshimiwa Ukuta. Watoto wake waliniomba nisome mimi kwa sababu wao wangelia. Mimi nimeshalia, sasa nimebaki na hasira.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha unga, karibu kabisa na mpaka. Alipokuwa mdogo alitangaza kwamba angemjengea mama banda la kuku. Alikusanya miti, akatuita tupige makofi, kisha akaenda kucheza. Kuku waliendelea kulala jikoni. "Mwanangu," mama alimwambia, "kuku hawalali ndani ya hotuba." Tulimcheka sana, naye akacheka.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari ya bweni, alikoongoza chama cha mdahalo. Alirudi na suti moja na maneno mengi. Alikuwa karani wa ghala la mbolea hadi mwaka 1992, alipochaguliwa kuwa mbunge. Tarehe 12 Juni 1998, Bunge lilipitisha sheria yake ya kujenga ukuta mpakani, mwanzo hadi mwisho. Alipiga meza akasema, "Adui hatapita!" Adui mwenyewe, kwa taarifa yenu, ni watu kama mume wangu, fundi baiskeli wa ng'ambo, aliyekuwa akimzibia pancha bure.

Jiwe la msingi liliwekwa kwa matarumbeta. Magari yakaondoka, wizara mbili zikaanza kutupiana mpira, na hadi leo hakuna tofali lililofuata. Jiwe linawafaa akina mama kuwekea ndoo. Lakini sheria hiyo hiyo ilikataza jengo lingine lolote karibu na mpaka. Zahanati yetu, iliyokuwa imefika usawa wa madirisha, ikasimamishwa ili kupisha ukuta usiokuwepo. Sasa imeota nyasi ndani.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na mwalimu wa chekechea. Kumwoa wifi yangu ndilo jambo pekee alilolianza akalimaliza. Walijaliwa watoto watatu. Mke wa mwanawe mkubwa aliposhikwa na uchungu, alibebwa kwa machela kupelekwa hospitali ya ng'ambo, akajifungulia njiani. Mtoto hakuishi. Baada ya mazishi nilimfuata marehemu sebuleni kwake.

"Mdogo wangu, ifute hiyo sheria tumalizie zahanati."

"Dada, nikiifuta watasema nilikosea."

"Kwani hukukosea?"

"Kukosea ni kitu kimoja. Kusema ni kingine."

Akaniagizia soda.

Januari 2021 figo zake zilishindwa. Mashine za kusafisha damu ziko ng'ambo, basi mtunga sheria akavuka kwa njia ya miguu, kando ya jiwe lake, kofia ameivuta hadi machoni. Alilala kitandani kwetu, huko huko ng'ambo. Mimi na mume wangu tulilala sebuleni. Aliyemwogesha, akamnyoa na kumlisha uji ni yule adui, na hakuna siku mume wangu alimkumbusha neno hilo.

Mchana wa tarehe 19 Agosti alinishika mkono. Nilijua sasa atalisema kosa lake. "Dada, waambie wabunge..." Akavuta pumzi. "Wasiuache ukuta wangu." Akakata roho. Nilimpenda sana mtu huyu, na hata nilipokuwa nikimfumba macho nilitamani kumzaba kofi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada, shemeji, na sheria moja ambayo bado ni hai. Mjane na watoto tutawatunza sisi. Sheria ni yenu, waheshimiwa. Najua mmekuja na hotuba za kumsifu, tena mmoja wenu ameninong'oneza kwamba ukuta utapewa jina lake. Zikunjeni hizo karatasi. Mkwe wake, yule aliyejifungulia njiani, amekaa pale nyuma kwenye mkeka, na mimba yake ni ya miezi minane. Atakayesimama kuzungumza, ageuke amtazame yeye, amwambie atajifungulia wapi.

Mdogo wangu apumzike kwa amani. Ninyi msipumzike.