Jitu Lenye Muhuri

Mwaka ule wa ruksa, mitumba ilipoanza kushuka Musoma kwa marobota, kijiwe cha Kigera kilijipatia mchezo wa dadu uliokutwa katikati ya makoti. Kanuni zake zilikuwa za Kizungu na nusu zimechanika, hivyo Jilala, fundi saa, akazitunga upya. Kila mchezaji achague kabila: jitu, kibwengo au binadamu. Kisha achague kazi: mpiga mishale, mganga au karani. Atakayelipita joka linalolalia magunia ya sukari ndiye mshindi. Kosa la Jilala lilikuwa dogo tu: alimpa karani uwezo wa kumwambia adui “Njoo kesho,” na adui akakosa zamu. Salum, mtunza ghala wa zamani ambaye kijiwe kilimwita Ugavi, akachagua jitu karani. Tangu hapo sukari ikawa yake.

— Mimi narudi kwenye bao! alifoka Alfonce Mahesabu. Mganga wangu kila siku anachomwa, huyu amekaa kwenye kiti tu!

Jilala alimdaka shati. Walikuwa watatu tu; Alfonce akiondoka, mchezo umekufa.

— Subiri, Mahesabu, tunasawazisha! Jitu lisiwe karani. Vidole vinene, muhuri haushikiki.

— Nitachonga muhuri kama kinu, akasema Salum, akipuliza kahawa.

— Basi karani aende chai saa nne!

— Atainywea mezani. Sisi ghalani tulikuwaga tunakunywa mezani.

Alfonce, aliyekwisha kusimama, akajikuta amekaa.

— Binadamu wapewe mjomba wizarani!

— Eeh! Jilala alipiga paja. Dadu ikiangukia sita, mjomba anapiga simu!

— Laini mbovu.

— Atakuja mwenyewe na Landrova!

— Dizeli ataitoa wapi?

— Na kibwengo wangu, huyu mganga, je? akauliza Alfonce.

— Kibwengo anaishi ziwani, Salum akamjibu. Balozi wake wa nyumba kumi nani? Bila barua ya balozi, joka lenyewe haruhusiwi kuliona.

— Balozi wake sangara!

— Sangara? Yule mhamiaji? Hata yeye hana barua!

Walikuwa wote wamesimama wanapiga kelele, Jilala akifuta kanuni na kuandika nyingine juu yake, wakati Hyasinta, muuza dagaa kutoka Mugango, alipotua beseni lake aombe kahawa. Akatazama dadu, akatazama kete ya jitu, akaelezwa habari ya karani na “Njoo kesho” yake.

— Kaka zangu, hilo joka linatema moto?

— Wa kuyeyusha bati, dada! alijibu Jilala kwa fahari.

— Sasa huyo karani akiliambia lije kesho, kwa nini lisimle?

Jilala alizipekua karatasi zake. Kanuni zote alizitunga yeye, na haikuwemo hata moja iliyokataza joka kumla karani. Alimgeukia Salum; Salum alikuwa anakagua kikombe. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba inawezekana.

Alfonce akavuta benchi karibu.

— Nipeni dadu, akasema. Leo mimi ndiye joka.