Upepo Uliowafunga Wexley

Kijiwe chenyewe ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi la shule, kimeegemezwa ukutani nje ya duka la matairi la Harlan, mjini Wexley, Iowa. Kahawa ni ya bure kwa wateja. Wenye kijiwe hawajanunua tairi tangu mvua ya mawe ya mwaka juzi, lakini nani awafukuze? Novemba hiyo baridi ilikuwa ya kukata masikio na bado walikuja, maana timu ya chuo, ya mpira wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono, ilikuwa imecheza mechi tisa na kufungwa zote tisa, na msiba haufai kuulilia peke yako. Hiyo ya tisa ndiyo iliyowamaliza. Zimebaki sekunde ishirini, Wexley inaongoza kwa pointi mbili, kazi ni kuushika mpira na kupiga goti tu, muda uishe. Yule anayeinama katikati na kuurudisha mpira nyuma kati ya miguu yake akaurusha juu ya kichwa cha mwenzake. Wageni wakauokota, wakakimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Kijana huyo anaitwa Brody Tvedt. Baba yake, Merle, fundi wa maghala ya mahindi ambaye kijiweni wanamwita Bolti, alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa kiti, na tangu Jumamosi hakuna aliyelitaja jina la mwanawe mbele yake.

—Mimi nasema ni suruali, alisema Posta. Huyu ni Lorene, aliyegawa barua miaka thelathini, na mpaka leo anajua siri za nusu ya mji. —Tulivaa za kahawia, tukashinda. Wakatuletea za njano. Mtu mzima ndani ya suruali ya njano atamtisha nani?

—Suruali haichezi, Posta, akasema Jenerali, yaani Duane, ambaye jeshini alikaa miaka miwili, yote akimenya viazi. —Ni zile nyasi.

—Nyasi zipi? Si wametandika plastiki.

—Ndiyo nakwambia. Walipochimba nyasi za zamani, udongo wakaumwaga kule barabara kuu. Na marehemu Amdahl, kocha wetu wa zamani, majivu yake yalimwagwa wapi? Si palepale uwanjani, kwa wosia wake mwenyewe? Sasa mzee wa watu amelala kando ya lami, malori yanampita usiku na mchana. Wewe ungeiombea timu hiyo?

—Kweli kabisa, akadakia Shemasi, mpitisha sahani ya sadaka kanisani, mtu wa methali nyingi na maana chache. —Ndiyo wahenga wakasema, mchelea mwana kulia...

Akakwama hapo. Posta alimkanyaga mguu, na sote tunaomjua Posta tunajua buti zake.

—Nilitaka kusema haba na haba hujaza kibaba, akasema Shemasi.

—Kibaba cha nini?

—Cha majivu.

Hakuna aliyecheka. Merle alikunywa kahawa iliyokwisha kupoa.

—Na yale mapanga ya umeme wa upepo kule kilimani? Jenerali aliuliza haraka. —Kumi na manne. Yanavuta upepo wa wilaya nzima. Mpira ukitoka mkononi tu, unakwenda linakokwenda panga. Jumamosi niliuona kwa macho yangu, upepo ulikuja hivi, ukapinda hivi.

—Hata kofia yangu iliruka, akasema Posta.

—Na mimi mkongojo wangu, akasema Shemasi.

Merle alikuwepo Jumamosi. Bendera zilikuwa zimelala kwenye milingoti kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Anamjua pia Jenerali. Mwaka wowote mwingine angemtukana mchezaji kwa jina, kwa namba, mpaka kwa babu yake. Wiki hii ametukana mapanga. Walikuwa wanamsitiri, na Merle aliona aibu kusitiriwa, lakini hakuwa na nguvu ya kuwaambia wanyamaze.

Mlango wa duka ukafunguka. Akatoka mwanamke mmoja, mpita njia, anasubiri tairi lake lizibwe pancha. Posta akamsogezea nafasi. Alikuwa amewasikia wakati wote akiwa ndani, na Harlan alikuwa amemsimulia ule mpira wa Jumamosi.

—Samahani, wazee wangu, alisema. —Huyo kijana aliyeurusha mpira, yeye mwenyewe anasemaje?

Jenerali akaangalia kilimani. Shemasi akatafuta kitu mfukoni. Posta, anayejua ya kila mtu, akainamisha uso kwenye kikombe.

Merle alipekua kichwani, akakuta patupu. Jumamosi jioni Brody alikuja nyumbani, akala amesimama, na Merle akamwambia barabara ina barafu. Jumatatu walizungumza kwenye simu habari za betri ya gari. Keshokutwa ni mechi ya mwisho, siku ambayo wachezaji wa mwaka wa mwisho, kama Brody, huingia uwanjani wameshikana mikono na wazazi wao, jina linaitwa, mji mzima unatazama. Jana Brody alimwambia mama yake: baba asijisumbue kuja. Na Merle, aliposikia hivyo, alishusha pumzi. Alifurahi. Baba mzima, alifurahi kwamba hatatembea mbele za watu akiwa ameushika mkono ule.

—Ni mwanangu, akasema. —Sijui anasemaje. Sijamuuliza.

—Oo. Samahani, baba, alisema yule mwanamke.

—Upepo ule, Bolti... akaanza Jenerali.

—Acha, Duane.

Akaweka kikombe chini, akainuka, akaenda kwenye gari lake. Posta akamfuata hatua mbili.

—Unakwenda wapi?

—Chuoni.

—Utamwambia nini?

Merle alisimama, ameushika mlango wa gari. Aliwageukia wote, hata yule mgeni, akawatazama mmoja mmoja, anangoja. Safari hii hakuna hata mmoja aliyekuwa na nadharia.