Tunang'oa Meno ya Aina Zote

SHEMEJI: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Nani mwenzako! Namba yangu leo huijui? Kaka wa mkeo hapa. Yule uliyemfanya daktari.

SHEMEJI: Aa, kaka! Shikamoo. Simu ilianguka kwenye beseni la nguo za mtoto, majina yote yamefutika. Habari za karakana?

FUNDI: Marahaba, lakini ya shingo upande. Karakana imejaa watu.

SHEMEJI: Si nilikwambia! Nilisema nikikuweka mtandaoni utakosa pa kukanyaga! Dada yako anabisha, anasema mimi kazi yangu kubofyabofya tu. Sasa wateja—

FUNDI: Wamevimba mashavu, shemeji.

SHEMEJI: Wamefanyaje?

FUNDI: Mashavu! Mtu anaingia ameshika taya, machozi yanamtoka. Anaona jiwe la kunolea linazunguka, cheche zinaruka, misumeno imening'inia ukutani kuanzia mdogo mpaka mkubwa. Wengine wanazirai kabla sijawaambia karibu.

SHEMEJI: [mtandao unakwaruza] ...nakusikia nusunusu. Wanazaa?

FUNDI: Wanazirai! Jana nimemwagia maji watu wazima wawili!

SHEMEJI: Sasa kwa nini waje kwako? Wewe unanoa misumeno.

FUNDI: Hilo ndilo nimekupigia uniambie. Jumanne kaja mzee mmoja, katoa meno yake ya bandia mfukoni, kayaweka juu ya benchi. Anasema yanateleza kwenye nyama, niyatie makali.

SHEMEJI: Ukamfukuza.

FUNDI: Mzee wa watu, shemeji...

SHEMEJI: Kaka. Ulimfukuza, si ndiyo?

FUNDI: Niliyapitisha tupa kidogo. Kidogo tu. Amerudi jana kunishukuru.

SHEMEJI: Hee!

FUNDI: Usinicheke! Nimeonyeshwa tangazo lenyewe kwenye simu ya mgonjwa. Nimelinakili kwa chaki hapa ukutani. Sikiliza. "Tunang'oa meno ya aina zote, makubwa kwa madogo, kwa mashine au kwa mkono. Yaliyovunjika tunachonga mapya. Acha meno yako asubuhi, uyachukue jioni."

SHEMEJI: Kunoa.

FUNDI: Kung'oa!

SHEMEJI: Mimi niliandika kunoa, kaka. Tunanoa meno ya aina zote. Ya misumeno! Simu ndiyo imejiongezea ile... ile king'ong'o.

FUNDI: King'ong'o!

SHEMEJI: Nilikuwa nimebeba mtoto mkono mmoja! Na lile neno msumeno walilikata wenyewe, nafasi haikutosha. Halafu wanauliza shughuli yako inahusu nini, nikajaza "meno". Ningejaza nini? Nywele?

FUNDI: Wanauliza akina nani?

SHEMEJI: Wenye saraka.

FUNDI: Saraka ndiyo mdudu gani?

SHEMEJI: Ni tovuti ya kuorodhesha biashara. Mafundi huku, mahoteli kule, madaktari kule. Unajiandikisha, wanaweka jina lako na kiungo.

FUNDI: Kiungo cha mchuzi?

SHEMEJI: Kiungo cha kubonyeza, kaka! Mtu akibonyeza anatua kwenye tovuti yako. Sasa ule mtambo wa kutafutia vitu mtandaoni, ukikuta viungo vingi vinaelekea kwako, unasema, ahaa, huyu bwana anajulikana, apande juu. Ndiyo maana nikakuandikisha.

FUNDI: Saraka ngapi?

SHEMEJI: Kadhaa.

FUNDI: Shemeji.

SHEMEJI: Mia tatu na kitu.

FUNDI: Mia ta—! Na hizo mia tatu nani anazisoma?

SHEMEJI: Zamani, kaka, saraka zilikuwa—

FUNDI: Sijakuuliza zamani.

SHEMEJI: [anakohoa] Siku hizi... kwa kweli, nyingi hazisomwi na mtu. Kuna nyingine hata wenyewe wamezitelekeza, zipo zipo tu. Na mtambo nao umeshtuka. Ukikuta umetajwa kwenye saraka mia tatu zisizoingiwa na mtu, unakuona kama mtu aliyepita kujisifu kwenye nyumba mia tatu tupu.

FUNDI: Na wewe ulinipeleka kwenye nyumba tupu kufanya nini?

SHEMEJI: Kuna programu inakuandikisha kote kwa mpigo! Nilibonyeza mara moja tu. Niliona nimepata njia ya mkato, nikufurahishe, maana kila ukija hapa nyumbani unaniuliza, "Umepata kazi?" Na mimi nina kazi, kaka. Hii ndiyo kazi.

FUNDI: Haya. Hilo tuliache. Mtu akitafuta mtandaoni "kunoa msumeno", mimi naonekana wapi?

SHEMEJI: Ngoja nitazame. Kunoa... msumeno... Ukurasa wa kwanza hupo. Wa pili... wa tatu... kuna mtu anauza ngazi... Wa nane! Uko wa nane, kaka, chini kabisa.

FUNDI: Na akitafuta "kung'oa jino"?

SHEMEJI: [anabofyabofya]

FUNDI: Haloo?

SHEMEJI: Wewe ni wa kwanza. Umeipita hospitali kubwa.

FUNDI: Mama yangu mzazi!

SHEMEJI: Mtaani kwenu hakuna tovuti nyingine iliyoandika meno kwa bidii kiasi hiki. Lakini kaka, mbona leo unanong'ona?

FUNDI: Sinong'oni.

SHEMEJI: Unanong'ona. Na mashine siisikii. Mimi sijawahi kuongea na wewe kwenye simu bila ile mashine kunikereza sikio. Umeme umekatika?

FUNDI: Nimeizima.

SHEMEJI: Saa za kazi?

FUNDI: Inampigia kelele mtu.

SHEMEJI: Mtu gani?

FUNDI: Mgonjwa. Ndiye mwenye hiyo simu iliyonionyesha tangazo. Ni refa.

SHEMEJI: Refa wa mpira?

FUNDI: Wa mpira. Mwanamke, mrefu, ana soksi mpaka magotini. Kuna mechi kesho na shavu limemvimba kama amemeza limau zima. Filimbi haipulizi. Akijaribu inatoka kama birika linalochemka.

SHEMEJI: Sasa si umwambie wewe si daktari?

FUNDI: Nimemwambia mara tatu! Ya kwanza akanitolea kadi ya njano.

SHEMEJI: Kadi kweli?

FUNDI: Kadi! Anazo mfukoni. Hawezi kuongea sawasawa, kwa hiyo mambo yote anaamua kwa kadi na vidole. Nilipocheka vile anavyosema "karakana", kanionyesha nyekundu. Nikatoka nje ya duka langu mwenyewe, shemeji. Nikasimama nje kama mjinga mpaka akaniita.

SHEMEJI: [anacheka]

FUNDI: Sasa ameshaelewa mimi ninanoa misumeno. Lakini haondoki. Anasema kliniki za meno zote alizowahi kwenda alikimbia, harufu ya dawa tu inamtoa mbio. Hapa ndiyo mara ya kwanza ameketi akatulia. Anasema harufu ya mbao na mafuta inamtuliza roho.

SHEMEJI: Ameketi wapi? Kwako hakuna hata kigoda. Sisi tukija tunasimama.

FUNDI: Nimemletea kiti.

SHEMEJI: Umekitoa wapi?

FUNDI: Nyumbani.

SHEMEJI: Kile cha sebuleni? Chenye mto? Ambacho watoto wangu hawaruhusiwi kukigusa?

FUNDI: Mgonjwa atakaa kwenye lundo la pumba za mbao? Usinihoji! Nimekupigia kwa jambo la maana. Nataka uniondoe kwenye hizo saraka zote. Zinanikosesha kazi. Na simu nazo hazikomi, utani mtupu. Leo asubuhi kuna mmoja kanipigia, sauti nzito, anasema, "Fundi, nina meno themanini, yote butu, na mawili yamekatika."

SHEMEJI: Themanini?

FUNDI: Themanini. Nikamwambia, bwana we, hicho ni kinywa au chanuo? Nenda kachane nywele, uniache na shughuli zangu. Nikakata.

SHEMEJI: Kaka.

FUNDI: Enhe.

SHEMEJI: Msumeno wa mviringo, ule wa kiwandani, huwa una meno mangapi?

FUNDI: Inategemea. Mdogo arobaini. Ule mkubwa wa kukatia mbao za milango unaweza kuwa na...

SHEMEJI: Enhe?

FUNDI: ...themanini.

SHEMEJI: Huyo mtu alijitambulisha?

FUNDI: Alisema kitu, sijui meneja, sijui milango. Akasema ameona jina langu kwa maseremala. Nikajua basi, mpaka maseremala wameanza kunicheka.

SHEMEJI: Yaa! Kaka! Hiyo ni saraka ya chama cha maseremala! Ile ndiyo ya kweli! Ile sikutumia programu, nilikuandikisha mwenyewe kwa mkono. Mwenye kuitunza ni seremala mstaafu, alinipigia simu akanihoji kama polisi. Eti huyo mtu ananoa kwa tupa au kwa jiwe? Ana miaka mingapi kazini? Tangazo alilisoma neno kwa neno, kunoa ikabaki kunoa!

FUNDI: Unasema saraka hazisomwi.

SHEMEJI: Zile takataka hazisomwi! Hii ina mtu ndani, kaka! Wenye viwanda wakitaka fundi wanafungua pale kwanza. Moja kama hiyo inazishinda zile mia tatu zote. Na huyo atakuwa ndiye wa kiwanda cha milango. Wana misumeno chumba kizima!

FUNDI: Nimemwambia akachane nywele.

SHEMEJI: Mpigie umwombe radhi!

FUNDI: Mimi?

SHEMEJI: Sasa nani?

FUNDI: Mimi sijui kuomba radhi kwenye simu. Nikianza huwa nafoka.

SHEMEJI: Basi nisomee namba. Nitampigia mimi, kwa simu ya dada yako. Usikate.

FUNDI: Andika. Mbili, tisa... hapana, sita. Subiri, refa ananisahihisha, anasema ni tisa. Tisa, sifuri, nne, nne, saba.

SHEMEJI: Tulia hapo hapo. [kwa mbali, maneno hayasikiki]

FUNDI: [kwa sauti ya chini, si kwenye simu] Hapana, ni shemeji yangu tu... Ndiyo, ameoa dada yangu... Mimi? Hapana, mimi sina... Maji ya kusukutua yamepoa? Nikuongezee chumvi?

SHEMEJI: Nimekusikia, kaka.

FUNDI: Umesikia nini?

SHEMEJI: Chumvi. Haya, sikiliza. Bwana huyo ni meneja kweli, na ndiye. Anacheka mpaka anapaliwa. Amewasimulia kiwanda kizima habari ya chanuo. Anasema fundi aliyekuwa akiwanolea alikuwa mnyenyekevu sana na misumeno ilikuwa haikati, kwa hiyo anataka kujaribu mtu mkali. Gari lenye misumeno linakuja kwako sasa hivi!

FUNDI: Sasa hivi?

SHEMEJI: Limeshatoka getini.

FUNDI: Mimi sitakuwepo.

SHEMEJI: Hutakuwepo vipi?

FUNDI: Nampeleka refa kwa daktari wa meno. Daktari wa kweli. Amekubali, lakini kwa sharti niingie naye mpaka kwenye kile kiti, nimzuie asikimbie.

SHEMEJI: Kaka, unafunga karakana? Mchana? Siku ya harusi yangu ulikuja na aproni, ukala umesimama, ukarudi kazini!

FUNDI: Siku ile kulikuwa na kazi.

SHEMEJI: Na leo kuna kiwanda kizima!

FUNDI: Kiwanda hakina maumivu, bwana! Ndiyo maana nakwambia uje wewe. Funguo naziacha hapo kwa fundi viatu.

SHEMEJI: Mimi sijui kunoa hata kisu cha vitunguu!

FUNDI: Nani amesema unoe? Pokea misumeno, ipange ukutani, wape maji ya kunywa. Usiwashe kitu. Na wakikuambia uandike chochote, kataa!

SHEMEJI: [anacheka] Sawa, sawa, navaa viatu. Na hizi saraka? Zile zinazofutika naanza kuzifuta leo hii. Zilizotelekezwa hatuna la kufanya, zitajifia zenyewe. Ya maseremala naiacha.

FUNDI: Iache. Na ile... ile aliyonionea refa.

SHEMEJI: Ile takataka namba moja? Yenye picha ya mtu anacheka meno yote nje? Hiyo ndiyo ya kwanza kuifuta.

FUNDI: Usiifute leo.

SHEMEJI: Kwa nini?

FUNDI: [mtandao unakwaruza]

SHEMEJI: Kaka? Kwa nini nisiifute?

FUNDI: Mtandao mbaya, sikusikii. [kwa mbali] Nakuja, nakuja! Ngoja nibadilishe shati.

SHEMEJI: Unabadilisha SHATI?

FUNDI: Shemeji, salio linakwisha, wameshaniletea ujumbe. Msalimie dada. Na usimwambie!

SHEMEJI: Nisimwambie nini?

FUNDI: Hilo hilo.

SHEMEJI: Lakini hujaniambia kitu!

FUNDI: Basi mwambie hivyo hivyo, kwamba sijakwambia ki—

SHEMEJI: Haloo? Kaka? Haloo? Imekatika. [anapaza sauti] Mke wangu! We mama watoto! Acha hiyo pasi uje hapa haraka! Kaka yako amevaa shati safi!