Kitambaa cha Njano cha Mlingoti

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wote mlimwita Mlingoti kwa urefu wake, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi seremala na muuza maziwa, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kuota mchana, ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti, tena anatabasamu. Alianza shule Januari 1965, mwaka ambao baba alimpigilia goli la mpira wa kikapu kwenye ukuta wa uani, basi akarusha humo miaka nenda rudi, goli moja, upande mmoja.

Mwaka 1978 alijiunga na chuo cha ualimu, akawa nyota wa timu, na waliomwona akiruka wanasema alikaa hewani kana kwamba amesahau kushuka. Lakini katika fainali ya tarehe 12 Juni 1980, timu zilipobadilishana magoli baada ya mapumziko, alichukua mpira, akawapita watu wote, wa timu pinzani na wa kwake, akajifunga. Chuo kilishindwa kwa kikapu hicho, naye akaapa kuacha mpira kabisa. Mwanachuo mwenzake, ambaye ndiye shemeji yetu, alimcheka hadi mbavu zikamuuma, kisha akamwambia arudi uwanjani, atamsimamia, na mechi iliyofuata akasimama nyuma ya goli la wapinzani, akipunga kitambaa cha njano.

Alicheza ligi kuu kuanzia 1981 hadi 1992, akatwaa ubingwa mara nne, na kila baada ya mapumziko shemeji alihama upande na kitambaa chake, mashabiki wakimtania kuwa ndiye kocha. Walioana tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa mabinti wawili, warefu kama baba yao, ila hawa njia wanazijua, tunashukuru.

Mwaka 2019 alianza kuugua ugonjwa wa kusahau, akawa anapotea humohumo ndani, kati ya jikoni na chumbani, shemeji akakitoa kitambaa sandukuni, akakifunga kwenye kitasa cha mlango wao, na ndugu yetu akawa anafika, anakishika, anatabasamu kama aliyeshangiliwa. Alituacha alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomrudisha kutoka barabarani bila kumwaibisha, na wachezaji wenzake mliombeba leo. Kitambaa hakipo tena mlangoni, shemeji amemfunga nacho mkononi, maana anasema safari hii mume ndiye aliyetangulia, basi na asimame yeye upande ule akipunge, mkewe asije akapotea.

Pumzika, Mlingoti wetu, pumzika kwa amani.