Ufunguo Alio Nao Rafidy

Niinueni, wanangu, mniwekee mto mgongoni, maana haya siwezi kuyasema nimelala chali kama nimekwisha kufa. Voahangy, acha kulia, utalia baadaye. Shamba la mpunga la bondeni ni lako, na ng'ombe wote ni wa Tsiory, ila asije akawauza kwa hasira. Hayo yamekwisha. Lililonikaa kooni ni moja, nalo ni la babu yenu Ralaitsara.

Baba yangu kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe. Aliwatoa kusini, Ihosy na mbele ya Ihosy, akawaleta hapa Ambalavao mnadani kwa miguu, na wengine akawafikisha hadi mji mkuu, na kila alikopita aliwasalimu watu kwa lafudhi yao, nao wakampa maji. Aliponichukua mimi, binti, watu walimcheka: "Ralaitsara, huyo utamwoza kwa fahali?" Akawajibu, "Fahali ana adabu kuliko wanenu." Alinifundisha nisinywe kabla ng'ombe hawajanywa, na nilale nimeegemea ubavu wa ng'ombe mzee, kwani huyo huwasikia wezi kabla yetu. Kila kilichomo kichwani mwangu alikitia yeye. Nilimpenda, na mpaka leo namlilia.

Homa ilimshika kwenye mto Zomandao, tukiwa wawili tu na kundi. "Nirudishe kwa watu wangu," akaniambia, na kabla jua halijachwa akakata roho. Nilimfunga kwa blanketi lake, nikamfunika kwa mawe pale ukingoni, nikaja kumwombea mlango wa kaburi la ukoo.

Kaka Rafidy, najua uko hapo kizingitini, nimekusikia ukikohoa. Ufunguo ulikuwa kwako, na hadi leo uko kwako. Kila tulipofungua kaburi kuwavisha wafu wetu sanda mpya nimekupigia magoti, na jibu lako ni lile lile: "Baba yake mzazi alipokufa hakuja. Nilichinja peke yangu, nikabeba peke yangu. Aliipenda njia, basi njia imzike." Una haki ya kuumia, kaka, ulikuwa kijana mdogo, ukaachiwa mzigo wa mtu mzima. Lakini habari za msiba zilitukuta mbali, babu yetu amekwisha kuzikwa, na baba alilia njia nzima, mimi nikimwona. Sasa yeye hana wa kuishika mifupa yake wala kumsimulia ya nyumbani. Anakanyagwa na ng'ombe wa watu wengine.

Sikieni, wanangu. Ile sanda ya hariri mliyoninunulia, iliyo chini ya kitanda, mvisheni yeye. Mimi blanketi hili linanitosha. Aingie yeye kwanza, mimi nifuate nyuma, kama tulivyozoea kutembea. Na mjomba wenu akikataa, msimtukane. Hamna mzee mwingine.

Maji... kidogo tu. Inatosha.

Mungu na waliotutangulia wawape watoto, wawape mpunga, na mkienda mbali... mpate wa kuwapokea.

Kaka, macho yamekufa. Mwekee Tsiory ufunguo mkononi. Una mnyororo ule, nitausikia ukilia.

Nangoja...

Sisikii kitu.

Basi, wanangu. Mkinibeba... shikeni njia ya kusini, hadi kwenye mawe yake.