Mama Vikao, Aliyesimamisha Kikao Mteja Akiwa Ameshaketi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, meneja wa ukumbi wetu wa utafiti wa masoko, ambaye sote tunamwita Mama Vikao, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba. Wenzangu wamenipa mimi niandike, ingawa kazi yangu ni kubeba viti na kufanya usafi, kwa sababu kati ya waliobaki mimi ndiye niliyekaa naye muda mrefu zaidi. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nitasema niliyoyaona tu.

Alianza kwa kusikiliza kaseti. Alikaa chumba cha nyuma na visikizi masikioni, akiandika kila neno ambalo watu walisema kuhusu dawa za meno na viberiti. Hapo ndipo alipojifunza kwamba mtu akisema "ni nzuri tu", hatainunua. Baadaye akapewa kazi ya kuwaita washiriki, kisha kuongoza vikao, kisha ukumbi mzima.

Kwa wasomaji wa matawi mengine ambao hawajafika kwetu: mteja, yaani mwenye bidhaa, hukaa kwenye chumba cha giza nyuma ya kioo kikubwa, akiwaona watu wanane wakiijadili bidhaa yake. Wao upande wao hujiona wenyewe tu, na hawajui kwamba wanatazamwa mpaka waambiwe kikao kinapoanza.

Mteja mgeni akija kukagua, Mama hamwonyeshi zulia. Humkalisha kwenye kiti cha mshiriki, saa ileile ambayo kikao chake kitafanyika, akamwacha dakika kumi asikie kama fundi vyuma wa jirani anagonga. "Usichague ukumbi kwa picha, baba," humwambia. "Uliza watu wanaitwa na nani, na wanapatikana wapi." Wakishakubaliana, humtaka aandike mapema anahitaji watu wa aina gani, asije akabadilisha mawazo siku yenyewe. Na nyuma ya kioo ni marufuku kucheka. Bosi mmoja aliwahi kuangua kicheko, na mama mmoja mshiriki akakigeukia kioo: "Baba, hebu tuambie na sisi tucheke."

Si malaika. Kiti kikisogea kidole kimoja atakufokea mbele za watu, na mimi nimefokewa kuliko wote.

Miaka kumi na minne iliyopita tulikuwa tunakaribia kufunga. Wateja walikuwa wamehamia kumbi mpya. Akaja mtu wa kampuni ya sabuni ya unga kutujaribu kwa kikao kimoja: kikienda vizuri atupe kazi ya mwaka mzima, kikiharibika sisi tisa turudi makwetu. Aliagiza wazazi wanane wenye watoto wadogo, wanaofua kwa mikono.

Asubuhi ile mvua ilinyesha, na dada anayewapigia washiriki simu akabaki na watu wawili. Akanifuata mbio. "Kaka, niokoe." Nikamletea wanaume sita niliopanga nao nyumba moja, watu wa vibarua kama mimi, waliotoka mbali kutafuta kazi. Kila mmoja akajiandikia mtoto kwenye fomu ya washiriki. Mmoja, bachela mkavu, alijiandikia mapacha.

Halafu nikajiona mjanja, nikawaonya wasikikodolee macho kile kioo kwa kuwa nyuma yake kuna wakubwa. Hilo ndilo lililotuumbua. Mtu asiyekijua chumba kile akiingia hujitazama. Atavuta kola, atapangusa uso, ataweka kilemba sawa. Mama husimama mlangoni akiliangalia jambo hilo kila kikao, nami sikuwa nimeling'amua. Wale wawili wa kweli walijitazama. Sita wangu walipita wima kama askari wa gwaride, macho mbele.

Mama alinigeukia. "Hawa ni wako?"

Nikakubali kwamba ni wangu.

Mteja alikuwa ameshaketi, daftari mkononi. Mama angenyamaza, mkataba ungesainiwa, na sabuni ingeingia sokoni kwa ushauri wa baba wa mapacha ambao hawajazaliwa. Badala yake aliingia nyuma ya kioo. "Mwanangu, sita kati ya watu hawa si wale ulioagiza. Ukumbi wangu umekosea. Nipe wiki moja nikutafutie wengine, au nenda kwingine, lakini ya leo usiyaandike." Hakunitaja mimi, wala yule dada.

Mteja aliondoka amekunja uso. Siku kumi na moja tulifuta vumbi kwenye viti ambavyo havikukaliwa na mtu. Nikamwendea Mama nikamwambia nitaacha kazi, ili mteja asikie kwamba mkosaji amefukuzwa.

"Uende wapi?" akasema. "Wewe waongo unawajua kwa majina. Kesho utasimama na mimi mlangoni."

Siku ya kumi na mbili mteja akarudi. Alikuwa amezunguka kumbi nne, zote zina viti vya ngozi. "Kote nimeambiwa watu wao hawana kasoro hata moja," alisema. "Ni wewe tu, mama, uliyenionyesha kasoro zako kabla sijaziona." Yuko nasi hadi leo.

Mama Vikao, asante kwa kazi uliyotufundisha na kwa kutubeba siku ile. Jumatatu wanakuja watu wanane wa kuzungumzia maziwa ya unga, na mlangoni nitasimama peke yangu. Nikiona hawafai, nitaingia nyuma ya kioo niseme, hata kama sauti itanitetemeka. Kwa hilo usiwe na wasiwasi. Nenda kapumzike, mama. Sote tunakuombea afya njema na miaka mingi ya furaha pamoja na watu wako.